Kicheko cha Bwana Raha

Hebu vuta picha anavyokuja. Ni asubuhi, maduka ndiyo kwanza yanafunguliwa, na mwanamume wa makamo anateremka barabara ya nyuma ya soko, koti jeupe la kazi amelikunja kwapani, kichwa kimeinama kama mtu aliyeangusha sindano. Ukikutana naye hapo ukamsalimu, atakuitikia kwa kidevu tu, na utaondoka ukinung'unika kwamba jamaa anajisikia. Usinung'unike. Mfuate kidogo. Kabla ya kona ya mwisho, penye ukuta wa fundi baiskeli, atasimama. Atavuta pumzi. Atajipangusa uso kwa kiganja kutoka kwenye paji hadi kidevuni, na kiganja kikitoka utaona uso mwingine kabisa: macho yamechangamka, meno nje. Ataanza kupiga mluzi. Akikata kona, dukani wameshamsikia.

"Huyo anakuja!" atasema mwenzake wa kiti cha pili. "Leo nani ataumia mbavu?"

Huyo ndiye kinyozi wanayemwita Bwana Raha. Jina lake la kuzaliwa wengi hawalijui, na waliokuwa wakilijua wamelisahau.

Kazi alifunzwa na mjomba wake. Mjomba alikuwa akipuliza puto, analipaka povu, kisha anampa wembe amwambie alinyoe bila kulipasua. Maputo mengi yalipasuka kabla mkono haujatulia. Lakini mkono ulikuwa nusu ya kazi tu, nusu nyingine ilikuwa mdomo. Mjomba alisema mteja akicheka, cheka naye. Akinuna, mchekeshe. Akisema jua limetokea magharibi leo, mwambie na wewe umeliona. Mtu ambaye shingo yake iko chini ya wembe wako hataki ubishi, anataka kutoka pale akiwa mwepesi kuliko alivyoingia. Bwana Raha akalishika somo hilo likamwingia mpaka kwenye mifupa. Kuna watu walikuwa wanakuja pale na vichwa visivyo na hata unywele mmoja, wamekuja kupakwa poda na kuchekeshwa.

Alimwoa fundi cherehani, mwanamke mpole mwenye ulimi wa chinichini, yule wa aina ya kusema neno moja wakati wewe umeshasema mia, na neno lake likakaa. Walikaa miaka bila mtoto mpaka watu wakachoka kuuliza. Kisha akaja mmoja, wa kiume, na alipoanza kusema hakunyamaza tena, ndiyo maana wakamwita Chiriku. Kuanzia hapo mwanamke akawa Mama Chiriku na mwanamume Baba Chiriku, nyumbani na mtaani, kama ilivyo kawaida. Hata wao kwa wao walisahau kuitana vingine.

Chiriku alikuwa ameanza kupoteza meno ya utotoni alipopatwa na homa. Ilianza kama homa zote. Alirudi shuleni amelegea, akalala bila kula, wakampa dawa za homa, wakasema kesho atakuwa nje anacheza. Kesho yake walimbeba hospitali. Hawakurudi naye.

Sitakusimulia siku zile. Nitakwambia tu kwamba watu walipokwisha kutawanyika, mume na mke walibaki katika vyumba viwili, na mume akagundua kwamba hana jina la kumwitia mkewe. "Mama Chiriku" lilimfika mdomoni likakwama kama mwiba wa samaki. Akaanza kumwita "bibie." Tangu siku hiyo jina la mtoto halikutajwa tena katika nyumba ile. Hakuna aliyelipiga marufuku. Bwana Raha alilikwepa, na kila mkewe alipolikaribia, alimgeuza njia.

"Leo nimekumbuka alivyokuwa—"

"Bibie, hebu onja hii chai. Ina sukari kweli, au wamenipimia mchanga?"

Mwanamke akalala. Namaanisha alilala hasa, asubuhi na mchana, uso ukutani. Cherehani ilifunikwa shuka. Sare za watu za kushonwa zilirudishwa zikiwa bado vitambaa. Chakula alikichokonoa kama anatafuta kitu ndani yake, kisha akakisukuma. Mabega yalibaki mifupa mitupu.

Dada yake mkubwa, mpishi wa shule ya bweni, mwanamke mwenye mikono ya kusonga ugali wa masufuria makubwa na sauti ya kuita watoto mia, alikuja kumwona. Alikaa kitandani, akamshika mdogo wake kifundo cha mkono, akatoka nje akiwa amekunja uso.

"Shemeji," alisema, "mdogo wangu anakufa, na wewe unapiga mluzi."

"Shemeji, nifanyeje? Na mimi nikilala, nani atatuamsha?"

"Hilo sijui. Ninachojua, mvua hizi zikikatika nitarudi. Nikimkuta kama nilivyomkuta leo, namchukua. Na nikimchukua, shemeji, usihesabu kwamba nitamrudisha."

Kwa hiyo Bwana Raha alikuwa na muda wa mvua moja wa kumrudisha mkewe katika maisha. Hakuwa na mtu mwingine duniani. Akampeleka zahanati. Muuguzi mwenye miwani aliwasikiliza kwa upole. Akawaambia huzuni kama ile haina sindano, ila kuna mambo madogo ambayo mtu akiyafanya kila siku, hata kwa kujilazimisha, humshikilia asizame. Aamke saa ileile. Anawe uso, achane nywele. Atoke nje apate jua, atembee. Wale pamoja, mezani, si kila mtu na sahani yake pembeni. "Na kila jioni," alisema, "ongeeni. Hata kidogo. Ongeeni yaliyo moyoni."

Bwana Raha aliyachukua yote kama mtu aliyepewa ramani. Ila lile la mwisho lilimfika sikioni likiwa limegeuka. Kwa kinyozi, kuongea na mtu ni kumchangamsha. Hajui kuongea kwingine. Alitoka pale akijiambia: kila jioni, lazima acheke.

Na kweli alijituma, nani atabisha? Asubuhi alimwinua mkewe kwa kumshika mikono yote miwili kama anayemtoa mtu kisimani. Alimwekea maji ya uvuguvugu. Walizunguka mtaa pamoja kabla ya kazi, yeye akisalimia kila mtu, mke akitazama vidole vyake vya miguu. Adhuhuri, kwa kuwa yuko kazini, alimsihi asikae ndani: "Toka, bibie, tembea mpaka unapotaka, ila jua likupate." Na jioni, sahani zikiwa mezani, alimletea hadithi moja ya dukani. Mteja aliyesinzia kitini akaota anaendesha lori akakamata sikio la kinyozi kama usukani. Mteja aliyekuja kunyoa ndevu, mkewe akapita nje, mteja akakimbia na povu nusu uso. Aliigiza sauti, aliinuka mezani, alikimbia mbio za mtu mwenye povu. Mwanzoni mke alimtazama tu. Baadaye akawa anabenua mdomo. Baadaye kabisa akawa anatoa kicheko kifupi, midomo imefungwa, kama mtu anayepuliza vumbi.

Kwa Bwana Raha kicheko kile kilikuwa ushindi. Na dalili nyingine zilikuwapo. Mwanamke alianza kumaliza sahani. Alichana nywele bila kuambiwa. Siku moja mume alirudi nyumbani akakuta shuka imetolewa juu ya cherehani na mkewe anapaka mafuta magurudumu. Aliingia chooni akalia kwa furaha huku amefungulia bomba ili asisikike.

Dukani akawa mwalimu. "Furaha ni mazoea, bwana," aliwaambia wateja akiwapangusa visogo. "Huzuni ni kama hizi nywele zako. Huwezi kuimaliza. Unaikata tu kila inapoota. Leo kidogo, kesho kidogo. Ukiiacha wiki mbili, mkeo hakutambui."

"Basi mimi nije kila siku," alijibu mmoja mwenye upara, na duka zima likaangua kicheko.

Mvua zilikuwa zinaelekea kukatika. Siku hiyo ninayotaka kukusimulia palikuwa na jua la ghafla, lile la kutoa mvuke barabarani. Aliingia mlinzi wa hospitali kuu, mgeni mtaani, ndiyo kwanza amepangiwa lango la nyuma. Alikuwa mtu wa maneno mengi. Akaketi kwenye kiti cha Bwana Raha, akafungwa kitambaa shingoni, akapakwa povu, na hata kabla wembe haujagusa shavu akaanza.

"Kazi nzuri, sikatai. Ila kuna vituko. Kuna mwanamke mmoja sisi tunamwita Redio."

"Redio!" Bwana Raha alisema kwenye kioo, maana vinyozi huongea na watu kwenye kioo. "Kwa nini Redio?"

"Kwa sababu haina kuzima! Kila adhuhuri anakuja, anakaa kwenye benchi la wanaosubiri dawa. Ukikaa karibu naye tu, umekwisha. Anakusimulia habari za mtoto wake. Mtoto mwenyewe ameshakufa, lakini yeye anakupa taarifa kamili, kuanzia jino la kwanza. Wagonjwa wapya hawajui, wanakaa. Sisi tunawaangalia kwa mbali tunawekeana dau nani atainuka wa kwanza."

Bwana Raha alicheka.

Nataka unielewe hapa. Hakucheka kwa sababu alikuwa hajaelewa. Alielewa pale mlinzi aliposema adhuhuri. Alicheka kwa sababu mteja alicheka, na mkono wake ulikuwa unateremka shavuni, na mkono haukutetemeka hata chembe. Mwenzake wa kiti cha pili, ambaye alikuwepo siku ya msiba na kubeba mabenchi ya waombolezaji, alizima mashine yake.

"Halafu?" Bwana Raha aliuliza. Sauti yake ilikuwa ileile.

"Halafu kali yenyewe sasa. Anasema huyo mtoto alikuwa anaogopa mashine ya kunyolea kama kifo. Usiku wa kuamkia siku ya kunyolewa hapati usingizi, anashika kidole gumba cha mama yake mpaka asubuhi. Lakini kitini hatikisiki, anakaa kama jiwe, kisa hataki kumwaibisha baba yake mbele za watu. Na unajua baba yake kazi yake nini?" Mlinzi aligeuka kidogo, povu likamdondoka kidevuni. "Kinyozi! Kinyozi, ndugu yangu! Umeona dunia?"

"Usigeuke, nitakukata," Bwana Raha alisema, na akacheka tena.

Alimnyoa akamaliza. Alimpaka spiriti, akampulizia poda, akamkung'uta mabega. Mlinzi alijitazama akaridhika, akatoka akiwa mwepesi kuliko alivyoingia.

Miaka yote ile Bwana Raha alikuwa akijisifu kwa wateja: tazameni mtoto wa kinyozi anavyotulia, amezaliwa na kazi damuni. Alisema hivyo huku mtoto amekaa palepale, chini ya mikono yake.

"Kaka," mwenzake alisema taratibu, "nenda nyumbani. Mimi nitafunga."

Hakwenda nyumbani. Alikwenda hospitali, akiwa na koti lake jeupe, na watu wakampisha wakidhani ni daktari. Akasimama nyuma ya nguzo ya upande wa dirisha la dawa. Mkewe alikuwa kwenye benchi, pembeni ya bibi mmoja mwenye mguu uliofungwa bendeji. Alikuwa anaongea. Mikono yake ilikuwa inaruka, inaonyesha urefu wa mtu mfupi, inafungua kitu, inafunga. Uso wake ulikuwa na uhai ambao Bwana Raha hakuwa ameuona tangu msiba. Bibi alitikisa kichwa, akauliza swali, na mkewe akacheka, kinywa wazi, kisha katikati ya kicheko hicho hicho akalia, na bibi hakumwambia nyamaza wala hakumwambia aonje kitu. Alimwekea mkono gotini, basi. Na jina lilikuwa linasikika mpaka kwenye nguzo: Chiriku, Chiriku, Chiriku.

Kumbe yote yale ya kula na kuchana nywele, cherehani kupakwa mafuta, yalitoka hapa.

Alirudi akiwa ameamua. Leo atasema. Atamwambia: nimejua, nimekusikia, nisimulie na mimi. Aliyapanga maneno njia nzima, akayarudia kama mtoto anayekariri shairi la shule. Akafika, akanawa mikono, akakaa mezani. Mkewe akapakua. Jua lilikuwa bado halijazama vizuri, mwanga wa dirishani umeangukia kitambaa cha meza.

"Leo umetembea?" aliuliza.

"Nimetembea. Si ulisema jua linafaa?"

"Ndiyo. Bibie, leo kaja mteja mmoja dukani."

Mke akainua macho, akaweka kijiko chini, akaupanga uso wake tayari kwa hadithi ya jioni. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Maana uso ule uliopangwa aliujua, alikuwa ameutumikia kila jioni, na mdomo wake ulipouona ukashika njia yake wenyewe.

"Mlinzi wa hospitali," alisema. "Mgeni. Ana maneno, huyo! Anakwambia..." Na akajisikia anabadilisha sauti, anaigiza namna mlinzi alivyoviringisha macho. Akajisikia anasema "Redio." Akajisikia anasema "haina kuzima." Alitaka kusimama na hakuweza, kama mtu anayeteremka mlima kwa kukimbia. Akafika kwenye mashine ya kunyolea, akafika kwenye kidole gumba, akafika hata kwenye "Kinyozi, ndugu yangu!" Aliisimulia mpaka mwisho, na aliisimulia vizuri.

Mkewe hakubenua mdomo. Alimsikiliza kama fundi anavyomsikiliza mtu akimweleza vipimo.

"Na wewe," alisema, "alipokuwa anasema hayo, ulifanya nini?"

Bwana Raha alitazama sahani.

"Nakuuliza, baba."

"Nilicheka."

Mwanamke akaokota sahani zote mbili, yake ikiwa bado imejaa, akazipeleka jikoni. Maji yakasikika yakimwagika muda mrefu.

Mvua zilikatika wiki hiyo. Shemeji alikuja asubuhi na kikapu, akakuta mdogo wake ameketi sebuleni, amevaa, nywele zimechanwa, na begi liko mlangoni. Alimkagua kutoka kichwani hadi miguuni kwa mshangao.

"Mbona umenawiri hivi! Shemeji, hongera, kumbe umefanya kazi. Sasa begi la nini?"

Mwanamke akainuka, akaenda kushika mpini wa begi.

"Jamani. Nimetoka mbali. Mtu aseme kitu. Unakwenda au unabaki?"

"Muulize shemeji yako," mwanamke alisema. "Sina ugomvi naye. Hajanipiga, hajaninyima. Ameniamsha kila siku, na mimi nimeamka. Ila siwezi kuishi na mtu halafu mwanangu nikamlilie kwa wageni." Kisha akamgeukia mumewe. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Bwana Raha. "Nisimulie jambo moja la Chiriku. Moja tu. Lisiwe la kuchekesha. Nikilisikia, naingiza begi ndani."

Shemeji akaweka kikapu chini polepole.

Bwana Raha alifungua mdomo. Kulikuwa na mambo, Mungu anajua yalikuwapo: uzito wa kile kichwa kidogo kiganjani alipokigeuza kushoto na kulia, joto la shingo, jinsi siku ile hospitalini alivyomwambia mtoto utani na mtoto akajitahidi kutabasamu kwa ajili yake. Yote yalimjia kwa pamoja. Lakini kila aliposhika moja alione lilivyo, lilimjia likiwa limeshavaa sauti ya dukani, na akalirudisha.

"Chiriku," alisema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulitamka jina hilo tangu msiba. "Chiriku alikuwa..."

Wale dada wawili walimngoja. Nje mtu alipita na mkokoteni, gurudumu likilia, likaenda mpaka lisisikike tena. Mwanamke alikuwa bado anamtazama usoni, mkono mmoja umeshika mpini wa begi, na vidole havijakaza wala havijalegea.

Nawe uliyekula na mwenzako mezani jana, mkacheka, mkaondoa sahani: angekuomba neno kama hilo, ungekuwa nalo?